Faili Lililokuwa Kwetu Wote

Dada yangu mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: faili lile nililiacha makusudi.

Tulipoigawa maktaba ya programu ya Mjomba, yaani mafaili yake ya kompyuta, katika vifurushi viwili, uliniambia, "Mdogo wangu, faili la tarehe ni langu, litoe kwako." Niliitikia, nikaliacha. Mbele ya wateja kifurushi changu kikaingia kwanza kwenye kompyuta, chako kikakataliwa, maana faili hilo lilikuwa tayari limewekwa na changu.

"Msomi mzima, kugawa tu kumekushinda," Mjomba akasema, akakufukuza kazi. Nikatazama sakafu.

Kesho yake nililitoa kwangu, vifurushi vyote viwili vikaingia. Alinisifu, akanipa kiti chako. Ukipiga simu kuuliza ulikosea wapi, nasema sijui.

Nasikia viatu vya Mjomba mlangoni. Naificha barua hii chini ya kibodi, zilipo zile tatu za kwanza ambazo sikukutumia.