Struan Hakuambiwa Aokote

Mtaa wa Bandarini,
Buckie, Scotland.
9 Juni 2019

Mpendwa wifi yangu Ishbel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Najua huko Dunedin baridi ndiyo inabisha hodi, basi niambie goti lako linaendeleaje, na kama shemeji Neil ameacha kupanda ngazi kusafisha paa kama daktari alivyomwonya. Sisi hatujambo. Leo naliandika neno hilo kwa moyo mweupe, maana mwaka jana nilikuwa naliandika tu ili usipate wasiwasi.

Tumerudi juzi kutoka safarini. Tulizunguka viwanja vya gofu vya pwani ya kaskazini, mimi, kaka yako Struan na Archie Mowat, yule yule aliyetusimamia harusi na kukukanyagia gauni. Mvua ilitunyeshea kila siku isipokuwa siku ya kuondoka. Archie alivaa kaptura muda wote, na ukimuuliza anakwambia hiyo si mvua, ni umande.

Ngoja nijisifu kidogo kabla sijasahau. Kwenye kile kiwanja ambacho kondoo wanalisha katikati ya wachezaji, niliwafunga wote wawili, tena upepo ukivuma kiasi cha kuning'oa kofia mara mbili. Archie akadai kondoo alimkoholea alipokuwa anapiga. Nikamwambia akashtaki kwa mchungaji. Usiku ule nilikula supu ya samaki wa moshi bakuli mbili, kwa gharama yao.

Lakini kilichonikalisha kitini kukuandikia ni habari za kaka yako.

Unajua kuwa kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto mzito. Na desturi yetu unaijua, hata kama hujashika fimbo tangu usichana wako: mpira wa mtu ukisimama karibu kabisa na shimo, mpinzani wake humwambia "okota", yaani nimekuhesabia, huna haja ya kupiga. Basi tangu Struan augue, kila mtu klabuni humwambia okota, hata mpira ukiwa mbali na shimo kwa urefu wa kitanda. Wanafanya hivyo kwa kumpenda, sikatai. Lakini alikuwa anarudi nyumbani ameshinda, na uso wa mtu aliyetoka mazikoni.

Mwezi wa nne aliniambia hii ndiyo safari yake ya mwisho. Tukirudi, fimbo zake achukue binamu Gregor. Sikubishana naye. Nilikwenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Siku ya mwisho yeye na Archie walicheza wawili, mimi nikiwafuata nyuma na mwavuli. Walifika shimo la mwisho wako sawa. Nilikuwa sijamwona Struan akicheza vile tangu hospitali. Archie akatumbukiza mpira wake. Wa Struan ukasimama mbali na shimo kama urefu wa huo mwavuli wangu. Akiingiza ni sare, akikosa amefungwa. Akasimama pale ameinamisha kichwa, anangoja kuambiwa. Archie aligeuka akatazama bahari.

Damu ilinichemka, wifi. Nikasema kwa sauti, "Archie, si umwambie aokote?"

"Shemeji, nyamaza," akanijibu bila kugeuka. "Mtu anataka kupiga."

Kaka yako alimtazama mgongo, akamtazama tena. Kisha akapanga miguu yake, akashika fimbo, akapiga. Mpira ulikwenda vizuri. Ulifika shimoni, ukazunguka ukingo wake, ukatokea upande wa pili.

Nilikuwa tayari kumtwanga Archie na mwavuli. Kumbe Struan anacheka. Alivua kofia, kama tunavyofanya mchezo ukiisha, akamwendea kumpa mkono.

"Umenifunga, mshenzi wewe," akamwambia.

"Mchana kweupe," Archie akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, ingawa alisingizia upepo.

"Haya. Mwakani utalia."

Mwakani, Ishbel. Nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake tangu augue. Alikuwa hapangi hata jambo la wiki ijayo, hata tiketi ya treni alikuwa anataka niikate mimi. Nimejivunia mume wangu kuliko siku ile alipotwaa kikombe cha klabu, na siku ile unakumbuka nilivyompigia kila mtu simu. Archie nilimnunulia wiski, ile nzuri, lakini radhi sikumwomba. Kichwa chake kingevimba tusingepata nafasi garini.

Gregor alikuja jana kuchukua fimbo. Alipewa chai na keki, akarudi mikono mitupu.

Msalimie sana shemeji Neil, na Catriona na mapacha wake. Shangazi Jessie anakusalimu, anauliza kama zile soksi alizokufumia zilifika, na ukimjibu sema zinakutosha. Mungu awakinge na baridi hiyo, na atuweke wazima mpaka tukutane tukasutane uso kwa uso.

Usishangae mwandiko ukirukaruka. Kaka yako yuko koridoni anapiga mipira kwenye zulia, analenga kikombe cha chai, na kila akikosa mpira unagonga mlango wangu. Nimemuuliza sasa hivi kama ana neno la kukuambia. Amejibu akiwa huko huko nje:

"Mwambie nimefungwa. Usiongeze kitu, ataelewa."

Ni mimi wifi yako akupendaye, ninayetembea kifua mbele siku hizi,
Rhona