Tonge la Mkono wa Kulia

Malindi, 4 Mei 2024

Mwanangu Raiya,

Assalaam aleikum. Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Simuni siwezi; tangu kiharusi, maneno hunitoka pamoja na udenda. Hati hii mbovu ni ya mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani kama samaki aliyechacha, nami nachukia kuutazama.

Ijumaa tulikuwa na wageni. Mke wa nduguyo Swafwan, Widad, alinilisha pilau kwa kijiko mbele yao, kisha akanipangusa kidevu. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na sita!

Zahanatini, nesi Jedida aliniuliza, “Mzee, wataka uweze kufanya nini wewe mwenyewe?” Kabla sijafungua kinywa, Swafwan akamjibu, “Apumzike tu. Sisi wanawe tupo.” Nesi akanitazama mimi. Nami nikageukia mlango.

Wasalimie wajukuu.

Baba


Tezo, 12 Mei 2024

Babangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako imeniliza, kisha imenikasirisha.

Swafwan anakupenda, lakini heshima yake itaumaliza mkono wako. Nimempigia Jedida. Asema mkono usiotumika husahau kazi, na wewe bado una nafasi ukifanya mazoezi kila siku. Kakangu hakupeleki kwake; asema ni kukutesa.

Hapa zahanati iko hatua chache, na nesi huongoza mazoezi kila Jumatano; siku nyingine tutafanya nyumbani. Chumba kipo. Nami sitakulisha. Utamwaga, nitafagia.

Ila nijibu alilouliza nesi. Wataka nini?

Mwanao,
Raiya


Malindi, 9 Juni 2024

Mwanangu Raiya,

Assalaam aleikum, na marahaba. Mguu, nao ulioguswa na kiharusi, una nafuu. Moyo hauna.

Barua yako ilinitia haya, nikakataa kijiko. Ijumaa ya mwisho ya Mei niliketi kwenye sinia na wageni, nikatia mkono wa kulia, ambao vidole vyake vimeanza kujikunja. Matonge matatu: mawili yaliishia kifuani, la tatu likafika. Wageni wakatazama dari. Mzee Uweis peke yake alisema, “Mwalimu, tuachie na sisi nyama!” Nilicheka hadi wali ukanitoka puani. Uchafu mtupu, lakini ulikuwa wangu.

Juzi Ijumaa nikakuta nimetengewa kisahani changu, nyuma ya pazia. Swafwan akalia: “Baba, watu watasema nimekuacha uhangaike.” Nikamwambia, “Na nyuma ya pazia watasema nini? Kwamba nina ukoma?” Kinyaa kilichonishika siku ile hakijanitoka. Pazia lenyewe nililinunua mimi, mamako akiwa hai.

Mwambie nesi Jedida aandike: mgonjwa ataka kula sinia moja na watu, kwa mkono wa kulia. Hilo tu.

Nikija Tezo, mtaa mzima utasema Swafwan amemfukuza babake, naye hakunifukuza. Nikibaki, mkono utakufa huku nikifutwa kidevu. Bado napima.

Barua yote ni ya mkono wa kushoto. Neno la mwisho ni la mkono wa kulia. Limenichukua tangu alasiri, usilicheke. Nikishaamua nitakuandikia.

Baba