Nilisema Tumehama kwa Ajili ya Mpira

Shangazi Verlene mpendwa,

Nilianza kusoma ukurasa wako nikiwa msichana jikoni kwa mama, nikiyacheka matatizo ya watu, na leo ni zamu yangu kuchekwa, ila nakuomba unisaidie kwanza ndipo ucheke, maana Jumatatu ijayo naitwa mbele ya kamati ya jimbo ya michezo ya shule na mpaka sasa sijui nikifungua mdomo nitasema nini.

Jina langu Twyla, nina miaka arobaini na moja, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na nina mtoto mmoja tu, Weston, mwenye miaka kumi na saba, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari. Mpaka mwezi wa sita tulikuwa tukiishi Larkin Wells, ambako mume wangu Royce anasimamia mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Ijumaa ya mechi za shule, huu mpira wetu wa Kimarekani wa helmeti na kudaka kwa mikono, yeye ndiye anayeshika mnyororo wa kupimia yadi kando ya uwanja, kwa hiyo hakuna asiyemjua na hakuna asiyempenda, na hata mimi sisemi ni mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, hanywi, hana mwanamke nje. Aliacha tu kuniongelesha, Shangazi, na sijui hasa ilianza lini. Anarudi, anakula, anasema "asante," anakwenda kukaa na mikanda yake ya video ya mechi za zamani, nikimuuliza jambo anaitika "mm," nami nikaanza kuongea na redio, halafu na jiko, mpaka siku moja kazini mzee mmoja aliniuliza, "Na wewe mama, u hali gani?" nikaangua kilio mbele ya watu waliokuja na meno yao yanauma. Wiki ile ile nikatafuta nyumba ndogo ya kupanga Tolliver, mji wa jirani, nikaondoka na Weston.

Sasa kosa langu ni hili. Siku zile tunafungasha nilikuwa kwenye foleni dukani na nyuma yangu akasimama Patsy Pruitt, mke wa kocha wa Larkin Wells, na sauti yake inasikika mpaka kwenye rafu za maziwa kule mwisho wa duka.

"Twyla! Kumbe kweli mnatukimbia? Kuna nini tena, jamani?"

Watu wote wakageuka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungewaambia umemwacha mume kwa sababu haongei? Wangesema kwa kipimo hicho Larkin Wells nzima isingebaki na mke hata mmoja. Nikacheka nikamwambia, "Ah, si huyu Weston wangu. Mumeo kila siku ni kukimbia na mpira tu, Tolliver wanaurusha." Kwa sababu mtoto wangu ndiyo kazi yake hiyo, kukimbia kule mbele na kuidaka pasi ya mkono, na wanasema anaidaka vizuri.

"Wezi wakubwa nyie!" Patsy akanipiga begani. "Haya, nendeni, msimu ukianza tutawasaga." Wakacheka wote, nami nikatoka pale nimepona, maana kwetu ukihamia kwa adui kwa ajili ya mpira watu watanuna lakini watakuelewa, tena siku hizo nilijiona mjanja sana.

Kumbe nilikuwa nimemchimbia mwanangu shimo. Sheria ya chama cha michezo inasema mtoto aliyehama kwa sababu nyumba ya wazazi imevunjika anaruhusiwa kucheza, lakini aliyehama kwa ajili ya mpira anakaa nje mwaka mzima, na kwa mtoto wa mwaka wa mwisho mwaka mzima ndiyo basi tena. Na wanaopiga kura kwenye kamati ya wilaya, Shangazi, ni wakuu wa shule zile zile ambazo timu zao zitahangaika kumkaba Weston siku ya Ijumaa! Haki iko wapi hapo? Hata kwenye mashindano ya keki kanisani kwetu aliyeleta keki haruhusiwi kuonja ya mwenzake na kutoa alama.

Kwenye kikao cha kamati hiyo Kocha Pruitt alisimama akasema, tena kwa upole, "Kijana sina ubaya naye. Lakini mama yake mwenyewe alimwambia mke wangu dukani. Sasa mimi nimsahihishe mama mtu?" Kisha wakamuuliza Royce, aliyekuwa amekaa nyuma na kofia yake magotini, kama bado tuko pamoja. Royce akasema, "Amekwenda kwa ajili ya msimu wa kijana. Desemba watarudi." Nami nikanyamaza. Wakapiga kura, Weston akafungiwa, na nje kwenye maegesho nilipomuuliza Royce kwa nini amesema vile, akaniambia, "Watu watanionaje, Twyla?" na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyonipa mwaka huu.

Weston anafanya mazoezi na wenzake, lakini ikifika Ijumaa wao wanavaa helmeti, yeye anasimama pembeni na jinzi akigawa maji, na wanamwita Mpangaji. "Mpangaji, leta maji!" "Mpangaji, umelipa kodi?" Anacheka nao. Mimi nakaa mwisho kabisa wa jukwaa, kina mama wa Tolliver wana beji zenye picha za watoto wao kifuani, yangu iko kwenye mkoba, na mmoja akiniuliza "Wako ni yupi?" namwonyesha yule wa maji, anasema "Aa," halafu anarudi kwa wenzake. Tolliver na Larkin Wells zilipokutana sikujua nikae jukwaa gani, nikabaki garini nikasikiliza kwa redio, na kila upande uliposhangilia sikujua nifurahi au nihuzunike, nikaona kabisa kwamba sina watu. Sijawahi kuwa mpweke hivi hata nilipokuwa na Royce, na nilidhani nimehama kuukimbia upweke.

Mtoto mwenyewe hana neno. Juzi tunakula aliniambia, "Mama, turudi tu nyumbani. Mimi hata nisicheze tena, sawa tu. Msikae mbalimbali wewe na Baba kwa ajili yangu." Ana moyo mzuri sana, nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Sasa Jumatatu ni rufaa, mbele ya watu wa jimbo, lakini kikao ni cha wazi na Larkin Wells watakuja kujaza viti. Nikisema ukweli namvua nguo Royce mbele ya wanaume aliokua nao, nami nitaitwa mwanamke aliyemwacha mume mwema bila sababu. Nikinyamaza, Weston msimu wake umekwisha. Mwenzangu kazini amenishauri niseme Royce alikuwa ananipiga, eti hapo hakuna atakayethubutu kukataa. Nimeona aibu hata kuliandika, lakini nimeliwaza. Niambie nifanye nini, na niambie kama sheria hii ni ya haki.

Ni mimi,
Asiye na Upande


JIBU LA SHANGAZI VERLENE

Binti yangu, majina yenu na ya miji yenu nimeyageuza yote, kwa hiyo vuta pumzi, Patsy hatakujua, ingawa atakisia.

Pole. Nianze na hapo kwa sababu naona hakuna aliyekuambia. Kuishi miaka na mtu anayekujibu "mm" kunachosha roho, na usikubali mtu akuambie kwamba hiyo si sababu ya kuondoka. Ni sababu tosha. Tatizo lako ni kwamba wewe mwenyewe hukuamini inatosha, ukaenda kuazima sababu nyingine ambayo mji ungeipigia makofi.

Umeniuliza kuhusu haki. Mimi ni mtu mzima, nakumbuka shule kubwa zilivyokuwa zikizunguka jimbo hili na kuchuma vijana: baba anapewa kazi ya kuuza magari, mama anatafutiwa nyumba, na mji mdogo unabaki na wapiga tarumbeta wa bendi ya shule peke yao. Sheria iliwekwa kuwalinda watu kama wa Larkin Wells, na kwa hilo naiunga mkono. Lakini kumpa mpinzani kura ni upuuzi, nimeshaliandika hilo kwenye ukurasa huu na nitaliandika tena wakasirike wanaotaka kukasirika. Na kumlazimisha mama atangaze mambo ya ndoa yake mbele ya umati ili mwanawe avae helmeti, hilo nalo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Ila nikugombeze kidogo, na usinune. Safari hii wapinzani hawakukuonea. Walikusikiliza! Wewe ulisema mpira, mumeo akasema mpira, ulipopewa nafasi ya kusema jingine ukanyamaza. Ulitaka waamue kwa kutumia nini? Hakuna sheria duniani inayoweza kuingia jikoni kwenu isikie kwamba hakuna anayeongea.

Na huyo mwenzako wa kazini mwambie Shangazi amesema afunge mdomo wake. Kila wiki nina barua za wanawake wanaopigwa kweli na hawaaminiki. Uongo mmoja umeshamtoa mwanao uwanjani, unataka wa pili umtoe baba yake mjini? Usiliwaze tena.

Sasa sikiliza, maana nimekuja kwenye lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Kuna mahali ulipapita mbio. Weston alikuambia msikae mbalimbali kwa ajili yake, wewe ukasema ana moyo mzuri, ukamwambia ale. Twyla, mtoto yule hakuwa anakupa moyo. Alikuwa anaungama! Patsy umemwambia la kwako, kamati imesikia la kwako, mimi umenimwagia yote. Weston je, nani amemwambia? Yeye anajua kile mnachosema hadharani, kwamba mmehama kwa ajili ya mpira wake. Ana miaka kumi na saba na anaamini amewatenganisha wazazi wake kwa sababu anajua kudaka. Ndiyo maana wakimwita Mpangaji anacheka; anaona anastahili.

Kwa hiyo rufaa ya kwanza si ya Jumatatu. Ni ya leo, mezani kwako, na hakimu ni yeye. Mwambie hivi: "Mimi na baba yako tulikuwa tumeshaachana kabla hatujafungasha hata sahani moja. Nilisema ni mpira kwa sababu niliona aibu. Wewe huhusiki." Usimchafue baba yake, huna haja, na usilie sana akaanza yeye kukubembeleza. Akikasirika mwache akasirike. Amelibeba hili peke yake tangu mwezi wa sita, ana haki ya kubamiza mlango.

Ukimaliza, mpigie Royce. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa: Jumatatu nitasema tumeachana, na ningependa utangulie wewe kulisema. Mwambie pia mtoto alivyodhani. Mwanaume anayeogopa ataonekanaje na watu anahitaji kusikia anavyoonekana na mwanawe. Huenda akaitika "mm." Hata hivyo utakuwa umemwambia.

Jumatatu vaa vizuri, beba karatasi za wakili za kutengana kama unazo, na kama huna nenda ukazianze kesho asubuhi, maana wale wa jimbo watataka kitu cha kushika. Ukisimama sema maneno machache. Tumetengana, nimehama na mwanangu, ile habari ya dukani niliitunga kwa aibu. Mambo ya mikanda na jiko hayawahusu. Patsy akikutumbulia macho na wewe mtumbulie. Ile beji itoe kwenye mkoba uivae, maana mtoto wako ni wako hata akigawa maji.

Wanaweza kukataa. Sitakudanganya, kamati haipendi mtu aliyebadilisha maneno, na wakikataa utakuwa umevunjiwa heshima bure machoni pa Larkin Wells na msimu wa Weston utakuwa umekwenda. Atalia, na wewe utalia, halafu mwakani atakuwa na miaka kumi na minane na mambo mengine ya kuwaza. Kamati ina uwezo wa kumruhusu acheze. Haina uwezo wa kumwambia kwamba hakuvunja nyumba yenu. Huo unao wewe, na tangu mwezi wa sita hujautumia.