Walimtaka Shabani Bila Ndevu

Mpendwa Baba Shabani,

Mwanao ameota ndevu. Wewe ulitutoka kidevu chake kikiwa bado laini, basi nakwambia: ni zako zilezile, zimetangulia upande wa kulia, wa kushoto zikafuata kwa uvivu. Ningecheka, kama si kinyaa nilicho nacho tangu siku ya mahafali yake.

Unakumbuka alipokuwa anaanza chekechea? Watu walisema mtoto mzito wa kusema na mzito wa kushika mambo abaki nyumbani afukuze kuku. Hukubishana nao. Likizo nzima ulimchukua asubuhi mkashuka naye shuleni, shule yenyewe tupu, ukungu umejaa hadi madirishani. Siku moja nikawafuata. Nikakukuta umejikunja kwenye kidawati cha watoto, magoti yamegusa kidevu, mwanao kando yako, mnatazama ubao usioandikwa kitu. Nikauliza mnasubiri nini.

"Mche hauhamishwi kwa pupa, Mama Shabani," ukasema. "Namzoesha jua."

Shule ilipofunguliwa, watoto wa wenzetu walilia. Wetu alikwenda akakaa mahali pake. Na alipohamishiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu, kule ng'ambo ya bonde, ulifanya vilevile: ukamwonyesha njia, choo, bomba la maji, ukamjulisha kwa mpishi wa uji. Mimi nilikuona unapoteza siku za kupalilia. Nisamehe, mume wangu, ulikuwa unapalilia.

Katika milima hii hakuna asiyejua kuhamisha kabichi. Hata mlevi wa kulala njiani anajua kwamba kivuli cha kitalu hupunguzwa kidogo kidogo, kwamba miche hunyweshwa kwanza, ikang'olewa jioni jua limepoa, na udongo wake mizizini. Watu haohao, na vyeti vyao ukutani, mtoto wa mwenzao wanamng'oa kama gugu na kumtupa kando ya shamba.

Maana ndevu zilipotokeza, mikono yote iliyokuwa ikimpapasa kichwa ilirudi mifukoni. Yule yule waliyemwita malaika, sasa akipita wanawake wanawavuta binti zao ndani. Mdogo wako Athumani alikuja kutoka Bungu, akanywa chai yangu, akala na mihogo yangu, kisha akasema, "Shemeji, huyu sasa ni dume. Mfungie ndani kabla hajakuletea kesi." Shabani, ambaye akimkanyaga jongoo anaomboleza! Athumani alipoondoka nilikisugua kikombe chake kwa majivu.

Mwaka mzima nilikuwa namuuliza mwalimu mkuu: akitoka hapa, mwanangu anakwenda wapi? Siku moja akaniita ofisini. Nikafurahi, nikadhani jibu limepatikana.

"Mama, kwenye mahafali tutakuwa na wageni," akasema. "Mnyoe ndevu vizuri. Wafadhili wanapenda kuona watoto."

Nilimnyoa, nikiamini anatafutiwa nafasi mahali. Ijumaa ile kulikuwa na keki na muziki. Mgeni rasmi aliushika mkono wa mwanao akaunyanyua juu, akasema walemavu wanaweza. Makofi! Wakampiga picha. Wakampa zawadi, na hii nakuomba uisikie vizuri huko uliko: kigari cha plastiki. Kijana ambaye sauti yake imeshakuwa besi kama yako. Naye alifurahi, masikini, akakibusu. Mpaka leo sijui nimchukie nani zaidi, aliyekinunua au waliopiga makofi.

Jumatatu akavaa sare yake akaenda shule, kama kawaida. Mlinzi akamzuia getini. Nilipofika nilimkuta ameshika nondo za geti, kigari mfukoni, wenzake wakiwa kwenye uji wanamwita kwa jina. Mwalimu mkuu hata hakutoka, alisemea dirishani.

"Mama, huyu ameshahitimu. Ni mtu mzima sasa."

Ijumaa mtoto, Jumatatu mtu mzima! Nikauliza, mtu mzima aende wapi? Akasema hilo ni la familia. Nilitema mate pale pale mbele ya ofisi. Mama yangu angenichapa, lakini nikikumbuka naona yalikuwa machache.

Wiki nzima Shabani aliamka akavaa sare, akakaa mlangoni. Wiki nzima mimi nilikuwa nakuona wewe kwenye kile kidawati.

Basi nikamchukua Jumapili, hakuna watu, nikampeleka mtoni pale karoti zinapooshwa kabla ya kupakiwa kwenda Dar. Mmoja anashika gunia huku, mwingine kule, mnalitikisa majini mpaka tope liishe. Nikashika upande wa pili. Tukatikisa gunia lenye karoti zetu chache mpaka akacheka. Tulirudi tena na tena, halafu tukaenda siku yenye watu. Kijana mmoja akamwita bwege. Mama Zaina, anayeosha pale miaka yote, akamjibu kwa Kishambaa maneno nisiyoweza kumwandikia marehemu, akanipokonya upande wangu wa gunia akaushika yeye. Mimi nikahamia ukingoni. Baadaye nikakaa kwenye kona ya njia. Baadaye nikabaki nyumbani, nikipunguza kivuli.

Sijifanyi shujaa. Mama Zaina ana umri wangu, na siku sote wawili hatupo sijui nani atashika upande wa pili. Hilo linanitisha. Na wenzake Shabani waliobaki kitengoni wanaota ndevu na matiti, nao watapigiwa makofi, kisha geti.

Juzi mwalimu mkuu alipiga simu. Sauti asali tupu. Kuna wageni wengine, wanataka kumwona yule kijana wetu aliyefanikiwa.

"Avae sare, Mama, na umnyoe kidogo."

"Sare nadekia sakafu," nikamwambia.

"Basi aje hivyohivyo, hata saa moja tu."

"Hawezi. Yuko kazini."

Nikaongeza kwamba ana ndevu, tena nyingi, nikakata simu.

Pumzika, Baba Shabani. Namsikia anakuja, anaimba kwa hiyo besi yako. Atafika na tope la karoti limemganda kidevuni. Zamani ningekimbilia kumfuta. Taulo nimeitundika mlangoni, atajifuta mwenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Shabani