Dume la Kwenye Chupa

Mwanza,
12 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Mwangaluka, Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia, na ule mguu wake umepoa. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na Jumapili kanisani naenda.

Najua tangu nilipoondoka mwezi wa saba hujaniandikia hata mstari mmoja. Barua zangu mbili za mwanzo alizijibu Mama. Sikulaumu. Lakini hii naomba uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu siombi hela wala siombi msamaha. Nauliza habari za mnyama.

Duka ninalofanyia kazi ni la Mama Wilhelmina. Tangu biashara iachiwe huru analeta kila kitu kutoka Dar: redio, mazulia, maua ya plastiki, na sasa samaki wa mapambo. Usicheke, Baba. Ni samaki wa kutazamwa, siyo wa kula. Alhamisi walishuka sita kwenye treni, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa nailoni, maana ni madume na wakikutana wanauana. Watano walikufa kabla ya Jumapili. Amebaki mmoja, nimemweka kwenye chupa kubwa ya mdomo mpana.

Baba, ungemwona! Hazidi urefu wa kidole changu. Mwili wake ni buluu ya wino, mapezi mekundu, marefu mpaka yanamfunika. Akigeuka, nguo yote inageuka naye. Kuna mzee alikuja kununua betri za redio akasimama mbele yake robo saa, akaondoka bila betri.

Ila hataki kula. Leo siku ya tano. Chakula chake ni punje kavu zilizokuja naye kwenye kopo. Nikizitia zinaelea, anazitazama, anazipa mgongo. Mama Wilhelmina amesema, "Benedikta, huyu akila na akafika mwisho wa mwezi akiwa hai, kona ya samaki ni yako, utaiongoza wewe. Akifa naifunga, na mtu wa pili dukani sina kazi naye." Maana yake nirudi Bariadi na begi langu.

Nifanyeje?

Wako,
Benedikta

———

Bariadi,
14 Februari 1996

Mwanangu Benedikta,

Barua yako imefika kwa mkono wa Thomasi, kondakta wa basi. Hatujambo. Mguu wa mama yako umepona, anafukuza mbuzi wa jirani kama msichana. Anakusalimu sana.

Nimesoma barua mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Samaki wa kutazamwa! Nimemsomea mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Ndugu zako Paschal na Ngeleja walipotoka nyumbani kwenda kujitegemea, kila mmoja nilimpa mtamba wa ng'ombe wa kuanzia. Wewe ulitoka umenuna, ukaenda kuuza maua yasiyonuka, na sasa umeongeza samaki asiyepikwa. Haya.

Ungeomba hela nisingejibu. Lakini mnyama asiyekula ni mnyama asiyekula, awe na kwato au asiwe nazo. Na Kwaresima haijaanza, kwa hiyo asijifanye amefunga.

Sasa sikiliza. Hakuna anayemtibu mnyama ambaye hajamwangalia. Chukua kiti ukae mbele yake asubuhi nzima, usimguse, usigonge chupa. Halafu uniandikie. Je, amejitenga chini au anatembea? Kinyesi chake kikoje? Anavuta pumzi namna gani? Huko kwao alikuwa anakula nini kabla hajaletewa hizo punje? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: anatazama nini? Mnyama akigoma kula na hana homa, kuna kitu anakitazama.

Sijui kama utaona. Jicho la mnyama mtu analipata machungani, na wewe hukuchunga. Lakini jaribu.

Baba yako,
Machibya

———

Mwanza,
15 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako mpaka Mama Wilhelmina akauliza kama nimeposwa. Mwambie Mama nimecheka habari za mbuzi, na mguu aupumzishe hata kama umepona.

Nimekaa kwenye kiti tangu tunafungua mpaka saa saba. Wateja wamenipita kama gunia. Majibu yako haya.

Hajajitenga, anatembea sana, tena kwa haraka. Kinyesi hakuna, na kitatoka wapi? Pumzi ndiyo ajabu: anapanda juu, anachomoa mdomo, anameza hewa kama sisi, anarudi chini. Nadhani ndiyo maana aliweza safari ya treni siku zote zile ndani ya kikombe kimoja cha maji. Punje alianza kupewa Dar tu. Mama Wilhelmina anasema kwao ni mbali, mashariki huko, wanaishi kwenye maji ya mashamba ya mpunga.

Kwa swali lako la mwisho, Baba, nilitaka kuandika "hatazami kitu". Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi. Nikainamisha kichwa mpaka usawa wa chupa ili nione anachoona yeye. Nyuma ya rafu zote za hapa kuna kioo cha kujitazamia, kimebandikwa ili bidhaa zionekane nyingi. Anajiona mwenyewe kutwa nzima. Anatanua mapezi, anavimbisha mashavu mpaka yanatokeza kama ndevu nyeusi, anatetemeka, anakwenda pembeni, anarudi tena. Wateja wanapenda wanapiga makofi. Nami siku zote nilidhani ni furaha.

Wako,
Benedikta

———

Bariadi,
17 Februari 1996

Mwanangu,

Hatujambo, mvua ni nzuri, na mguu wa mama yako haukubali kupumzishwa.

Furaha? Huyo yuko vitani! Siku tisa hajatoka vitani, na wewe unamwekea chakula katikati ya vita halafu unashangaa. Mwaka ule niliponunua lile dume jeusi la ng'ombe kutoka Bukundi, nililifunga mahali ambapo lilikuwa linaliona dume la jirani kupitia uzio. Majani liliyakanyaga tu. Siku ya nne mama yako ndiye aliyeniambia nilihamishe. Jioni ile ile lilikula.

Kiondoe kioo, au hamisha chupa. Funika pande tatu kwa karatasi ya kaki, mwachie upande mmoja wa mwanga. Punje chafu zitoe, maji yasioze. Mwache siku mbili atulie. Hakuna mteja, hakuna makofi.

Halafu chakula. Ng'ombe aliyekulia kwenye nyasi tupu ukimpa mashudu ya pamba siku ya kwanza anadhani umempa udongo. Unamwanzia na anachokijua. Kama kwao ni mpunga, mimi mpunga ninao, na najua nani anakaa kwenye majaruba yangu. Nimekuvulia viluwiluwi wa mbu, wale wanaojipinda-pinda juu ya maji. Wamejaa kopo. Thomasi amegoma kuwapakia, ati nampandishia mbu bila tiketi, mpaka nikamwahidi kuku. Mpe wachache wachache.

Nataka nikuambie neno. Kuinamisha kichwa mpaka usawa wa macho ya mnyama, hilo Paschal sikuwahi kumwona akilifanya, na amechunga miaka kumi.

Baba yako,
Machibya

———

Bariadi,
18 Februari 1996, Jumapili

Benedikta,

USIMPE WALE VILUWILUWI. Usimpe hata mmoja.

Leo baada ya misa nimetaka kupima dawa ya pamba nijitayarishe kupiga bomba kesho, nikatafuta kopo la kupimia. Halipo. Mama yako anasema aliniona mwenyewe jana alfajiri nikilisuuza kwa maji ya jaruba na kuvulia viluwiluwi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi, nikashika kopo lililokuwa karibu. Dawa ile haitoki kwa kusuuza. Mimi mwenyewe nawafokea watu kila mwaka wasiitumie mikebe yake.

Nimekimbia stendi. Thomasi alirudi usiku na basi lake, leo haondoki. Hakuna basi. Wanasema Mto Simiyu umejaa, magari yamesimama ng'ambo zote mbili.

Jumatatu. Nimekwenda tena stendi. Hakuna basi.

Jumanne. Hakuna. Kila ninayemuuliza ananiambia maji bado. Nimewaza kwenda kwa baiskeli, mama yako amenificha pampu.

Mwanangu, kama amekwisha kufa, basi nimemuua mimi. Siyo wewe. Mpe Mama Wilhelmina barua hii aisome kwa macho yake. Kama haamini, nitakuja nisimame mbele yake nimwambie kwamba msichana alifanya yote sawasawa na baba yake ndiye aliyeharibu. Nilikaa miezi saba bila kukuandikia, na siku niliyojifanya fundi wako nimekutumia sumu. Nimeshindwa kula, na safari hii hakuna kioo.

Jumatano ya Majivu. Thomasi anasema kesho labda.

Baba yako

———

Mwanza,
19 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini wote hamjambo. Mabasi yamesimama kwa ajili ya mto, kwa hiyo sijui barua hii utaipata lini, lakini siwezi kusubiri.

AMEKULA!

Ngoja nianze mwanzo. Kioo tulikiondoa. Mama Wilhelmina alilalamika, nikamwambia Mzee wangu amesema, akauliza huyo Mzee ni daktari wa samaki? Nikasema ni daktari wa ng'ombe. Akakishika upande wa pili. Nilifunika pande tatu kama ulivyoagiza. Usiku huo huo mapezi yalishuka, ndevu zikarudi ndani, akawa anatembea taratibu.

Kopo lako lilifika Jumamosi jioni pamoja na barua. Baba, usikasirike. Nililifungua nikaona viluwiluwi wote wamelala chini, kimya. Viluwiluwi wa mbu hawakai kimya. Nikanusa. Nikasikia harufu ya dawa ya pamba kwa mbali sana, chini ya harufu ya tope.

Nikakumbuka mwaka ng'ombe wa jirani walipoingia kwenye pamba iliyopigwa dawa. Uliwaita kina Paschal ukawaambia, "Mnyama hata awe na njaa ya kufa, usimpe kitu kilichokufa kama hujui kimeuawa na nini." Mimi nilikuwa barazani nachambua pamba. Hukuwa unaongea na mimi, lakini nilisikia. Yote uliyokuwa unawaambia nilikuwa nasikia.

Kwa hiyo nilichimba shimo nyuma ya duka nikalizika kopo na vilivyomo. Jana nilikuta tairi bovu kwenye uwanja wa gereji, limejaa maji ya mvua, na ndani yake viluwiluwi wanacheza. Nilivua kwa chujio la chai, wote hai. Fundi gereji aliniuliza kama nina akili timamu.

Leo saa tatu asubuhi nikamtilia mmoja. Aliganda. Akamtazama akijipinda. Halafu, Baba, yule bwana wa mapezi marefu aliyekuwa anatembea kama bwana harusi, aliruka kama mshale! Hakuna tena kiluwiluwi. Nikatia wa pili, wa tatu, wa nne. Wanne wote kawameza, akaja mbele ya kioo cha chupa kunitazama anidai. Nililia mbele ya wateja. Mama Wilhelmina naye alifuta macho, akasingizia vumbi.

Kesho nitachanganya kiluwiluwi mmoja na punje moja, kama mashudu.

Kopo najua lilikuwa haraka tu. Usiwaze.

Wako,
Benedikta

———

Bariadi,
24 Februari 1996

Mwanangu Benedikta,

Barua yako imefika jana saa kumi. Thomasi alinipa huku anakwepa, alidhani namdai basi lake. Ile yangu ya kuzuia bado alikuwa nayo mfukoni, alinionyesha; hakuvuka mto, yako alipokezwa na kondakta wa ng'ambo. Nimemwambia ailete tu, uisome, ujue siku nne zile nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilikaa kwenye benchi la stendi nikasoma. Nilipofika kwenye neno "amekula" nilisimama. Nilipofika kwenye kopo nilikaa tena. Wabeja, mwanangu. Wabeja, asante sana. Watu wa stendi waliniuliza kama nina msiba, nikawaambia samaki wa binti yangu amekula. Wamecheka, na mimi nimecheka pamoja nao, na machozi nimeyaacha yatoke.

Nilikuandikia kwamba jicho la mnyama mtu analipata machungani. Nililiandika kwa kujiamini kweli kweli. Miaka yote ile nilikuwa nawapigia kelele ndugu zako, mmoja anasinzia, mwingine anatazama ndege, na mwanafunzi wangu yuko nyuma yangu anachambua pamba. Mimi sikugeuka hata mara moja. Mwanangu, umenusa sumu ambayo baba yako aliishika mkononi asiione. Umenipita. Nasema hivyo bila uchungu wowote, nasema kwa raha, na nimemwambia kila mtu aliyepita hapa tangu jana.

Endelea na punje kama mashudu, usiwe na haraka naye. Mama Wilhelmina mwambie nimemsalimu, na kona hiyo akupe mapema asisubiri mwisho wa mwezi.

Leo asubuhi nimeingia zizini na mama yako. Tumechagua mtamba mwekundu mwenye doa kwenye paji, mjukuu wa lile dume jeusi la Bukundi. Nimemtoa kwenye ng'ombe wangu. Paschal na Ngeleja nimewaita wakashuhudia, wasije wakasema baadaye hawakujua. Ni wako wa kuanzia. Nilipaswa kukupa mwezi wa saba.

Pasaka uje umwone. Anakula vizuri, ila mimi sitamsifu sana mpaka umwangalie wewe.

Baba yako,
Machibya