Vituo Sita vya Bondeni

Kongowe, Kibaha
14 Juni

Kaka Zahoro,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata ukiwa umemkasirikia. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe najua hujambo, maana wifi Nuria ameniambia unazunguka Kisarawe nzima ukinisema. Miguu ya mama inaendeleaje? Usijisumbue kunijibu, nitamuuliza mwenyewe.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika nusu. Nimesikia umewaambia baba wadogo kwamba mimi kazi yangu ni kuzurura milimani kupima moshi na nyumbani nimepasahau. Moshi, kaka? Nimekueleza mara ngapi? Kule Rungwe ardhi ya volkano inatoa gesi isiyoonekana wala kunuka. Tunafunika udongo kwa bakuli lenye mashine, tunasubiri dakika tatu, tunasoma gesi inapanda kwa kasi gani. Pembeni tunachomeka kipimajoto cha chuma, tujue joto la chini. Kisha tunasogea hatua ishirini na kuanza upya, vituo arobaini kwa siku mbili. Gesi hiyo ni nzito, inatuama mabondeni kama maji, na anayeinama ndani yake huenda asiinuke. Kazi yangu ni kusema wapi watu wasikanyage.

Sasa ikumbuke Machi. Nilikuwa nimemaliza vituo thelathini na vinne uliponipigia ukilia, ukasema mama ni mahututi, hafiki kesho. Ulilia vizuri, hapo nakupa sifa yako. Nilipanda basi na mabuti yangu ya matope, nikalia njia nzima mpaka abiria wa pembeni akaninunulia maji. Nikafika Kisarawe nikamkuta mama uani anapepeta mchele, akaniuliza mbona nimekuja bila taarifa. Nawe bila haya ukatoa karatasi za kuuza shamba la baba, ukasema bila hivyo nisingekuja. Mnunuzi wako, yule Halidi, alikuwa ameshakaa anasubiri saini yangu. Nilikutukana mbele yake, na sijuti. Tangu siku hiyo ndipo ulipoanza kunitangaza.

Lakini kuna jambo hulijui, wala hakuna ndugu anayelijua. Vile vituo sita nilivyoviacha vilikuwa vya bondeni. Ripoti ilitakiwa Ijumaa, nami nilikuwa na hasira, nikaona aibu kumwambia bosi kwamba niliacha kazi kwa uongo wa kaka yangu. Nikavijazia namba kwa kufuatisha vituo vya juu yake. Kwenye ramani bonde likatoka salama, halikuwekewa uzio wala kibao. Mwezi uliopita Mama Aneth, aliyekuwa akitupikia ndizi kila tukienda kule, alishuka humo kukata majani. Ndama wake alianguka, akainama kumwinua. Ameacha watoto watatu, kaka. Mkubwa wao ndiye aliyenipigia, akaniuliza kama si sisi tuliosema pale hapana neno.

Jana nimempelekea bosi barua nikaandika yote. Jina lako sikulitaja, na usidhani ni upendo. Nimekuchukia miezi mitatu, na bado nakuchukia. Ila wewe ulidanganya kuhusu mama, zile namba nilizitunga mimi kwa mkono wangu. Nitafukuzwa, pengine nitashtakiwa. Nimetaka tu ujue kilio chako kilifika wapi.

Shamba sisaini. Na siku utakayonipigia kwamba mama ni mahututi, ikiwa kweli, sitakuamini, na huenda nikakuta mmeshazika. Hilo nalo tutaishi nalo sote wawili.

Nisalimie wifi Nuria na watoto, wao hawana kosa. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu anipigie mwenyewe, niisikie sauti yake.

Ni mimi mdogo wako,
Firdausi