Waliokuacha Ulale

Midia, Koboko
Jumapili, baada ya kupura ufuta

Mwanangu Wani,

Ufuta umeingia ndani na mgongo unaniuma, ndiyo maana nimepata kukaa nikuandikie.

Nakumbuka mlipokuja hapa na wenzako wa chuo cha maabara, katika ule utafiti wa kuwapima watu malale, ugonjwa wa usingizi. Mlitundika vitambaa vya buluu kando ya kijito ili kuua mbung'o. Shangazi yako akakishika kimoja, akasema kinatosha kaptura. Ukamwambia, "Shangazi, hicho kina sumu." Akakujibu, "Basi nitamshonea mume wangu."

Nakumbuka pia ulivyosinzia na tonge mkononi kila ulipotoka Arua. Mchana darasani, usiku wodini, asubuhi vijijini na vipimo. Nikikuuliza, unasema, "Mama, ni uchovu tu. Sisi wote tuko hivyo."

Ulisema hivyo hata siku ile, katika chumba mlichopanga mtaa wa Oli, kule Arua. Rafiki yako Rashidi alinisimulia. Ulirudi mwili mzito, wenzako wakakutania kwamba malale yamekupata. Wakakutoboa kidole, wakapima, wakaona huna, wakafurahi. Wakakushushia neti. Rashidi akafunga dirisha ili kelele za boda boda zisikusumbue, wakaenda zamu. Malaria, ugonjwa wetu wa kila siku, hakuna aliyeikumbuka. Waliporudi hukuamka. Ilikuwa imepanda kichwani, na hospitalini hukukaa sana, ukatuacha.

Mwezi huu mama yake Rashidi alinipigia simu. Kijana ameacha chuo, hataki hata kuona sindano. Nikaenda Arua, nikamkuta barazani kwao.

"Mama, mimi ndio nilifunga dirisha," akasema kabla sijakaa. "Ungenitukana tu, ningepata nafuu."

"Sina tusi. Ulimfunika mwanangu. Hata mimi ningemfunika."

Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Muulize kama sisi tunalala humu. Mutu akifumba macho tu, huyu iko juu yake, anamutikisa. Hata bibi yake, mchana wa Ramadhani."

Rashidi akacheka kidogo, akajifuta macho.

Nikamwambia, "Basi rudi chuoni ukawatikise wenzako wale. Wote wanasema ni uchovu tu, na wao nani anawapima? Mwalimu akikasirika, mwambie umetumwa na mama wa Wani."

Akainuka, akaingia ndani. Nilirudi Koboko nikidhani safari yangu imepotea.

Juzi mama yake alipiga tena. Rashidi amerudi. Mwanafunzi akizidiwa na usingizi kazini, anampima malaria kwanza, kisha anampeleka kulala, na mmoja wao anabaki naye. Mwalimu alinung'unika kuhusu zamu, halafu akamwacha aendelee.

Nilipokata simu nilitaka kufurahi. Nikakaa chini kando ya ufuta, nikalia, kisha nikaendelea kupura kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Mtoto wa mwenzangu amesimama, na mimi bado nakutengea chakula nikijisahau. Nimechoka, mwanangu, na kuchoka huku hakuna kipimo chake.

Lala sasa. Hatuna tena sababu ya kukuamsha. Huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.

Mimi,
mama yako